Kadi ya Mama Atuganile

Mama Atuganile wa kijiji cha Matwebe alipopewa kadi mpya ya ushirika wa maziwa, aliitoboa kwa msumari wa moto, akapitisha uzi na kuivaa shingoni isije ikapotea. Kesho yake mashine ya kituo cha kupokelea maziwa ikaikataa.

"Umekata waya wa ndani, mama," alisema Nelson, karani wa kituo.

"Basi niandike kwenye daftari. Unanifahamu tangu unanyonya."

"Mimi nakufahamu. Mfumo haukufahamu. Kadi na mashine huulizana maneno ya siri, na kila mara ni mapya, ili anayesikiliza pembeni asiweze kughushi. Ya kwako haijibu tena. Na bila kadi, hata mimi siwezi kufungua taarifa zako. Zinalindwa."

"Zinalindwa ili nani asizione?"

Nelson akafikiri. "Kwa leo, wewe."

Kadi za kubadilisha zilitolewa ofisi kuu ya ushirika, Bulyaga. Atuganile akapanda gari mpaka huko, akakuta mlango wa kioo unaofunguliwa kwa kadi tu. Mlinzi, mzee Yunusu, alimwonea huruma.

"Mtu ambaye kadi yake imekufa anafanyaje?" aliuliza Atuganile.

"Anaingia ndani kuomba nyingine." Yunusu akautazama mlango. "Wengi hurudi nyumbani."

Siku tatu maziwa yake yalinywewa na majirani, nao wakamshukuru sana kwa Kinyakyusa, ndaga hapa, ndaga pale. Siku ya nne akapita daktari wa mifugo. Alisogeza simu kwenye hereni ya plastiki sikioni mwa Neema, ng'ombe wa Atuganile, na papo hapo simu ikaonyesha umri, chanjo na jina la mwenye mali. Atuganile akaona wivu.

"Hereni yake na kadi yako ni mfumo mmoja," alisema daktari, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata Atuganile alikodi pikapu ya jirani yake Ackson. Pale Bulyaga akamvuta Neema hadi mlangoni, akalisogeza sikio lake lenye hereni kwenye mashine ya mlango. Taa ikawaka kijani. *Karibu, Neema. Mwanachama hai.* Mafundi walikuwa wamewaandika watu na ng'ombe kwenye orodha moja.

Yunusu akasimama. "Mama, ng'ombe haruhusiwi."

"Yeye ameruhusiwa. Mimi ndiye namsindikiza."

Ndani, Felista wa mapokezi alitoa kadi mpya kwa dakika tano, jicho lake likiwa kwenye zulia. Katika kitabu cha wageni akaandika: *Mwanachama mmoja, na mtu wake.*

Wiki ile bodi ilikutana, ikaupongeza mfumo kwa kuwa hakuna taarifa hata moja iliyoibwa, kisha ikatoa barua ya kukataza kutoboa kadi. Kuhusu mlango haikusema neno. Jumatatu, Yunusu alipofika kazini, alikuta ng'ombe watatu kwenye foleni, na wenye ng'ombe nyuma yao wakisubiri kwa utulivu.