Maharagi ya mu Bidon

Maji ilikuwa imeanza kuchemuka wakati Mama alipasua nta ya bougie yenye iliziba kinywa ya bidon, dumu yetu ya plastiki. Alitumia kisu, pole pole, kama mutu anatosha mwiba mu muguu ya mutoto. Maharagi ikaanguka mu sahani, kavu, nzima, imepakwa unga nyeupe-nyeupe. Yannick, mudogo wangu, hakuinuka. Alikuwa amelala chini ku bâche ya plastiki, macho tu ndiyo ilifuata mikono ya Mama.

"Majivu," Mama alisema, akipuliza. "Angalia vile imeichunga muzuri."

Miye nilijua haikuwa majivu.

Kwetu, upande ya Djugu, kabla vita ifike, agronome Fabien, mwalimu ya kilimo, alikuwa anakuja na pikipiki kufundisha wazazi. Alisema: siku ya kukimbia, mutu hawezi kubeba shamba. Basi mbegu iingie mu bidon, bidon ijae mupaka juu, hewa isibaki, kinywa ifungwe na bougie, kisha izikwe mbali na nyumba. Ukirudia, ata kama nyumba imeungua, uko na pa kuanzia.

Muzee Baudouin akamuuliza: "Agronome, unatufundisha kulima ao kuzika?"

Batu wakacheka. Agronome pia akacheka, lakini aliendelea kuchimba.

Wengi walichanganya maharagi na majivu. Wenye bidudu ilikuwa imewamalizia mbegu, yeye aliwapatia dawa mu sachet. "Hii ni ya kupanda tu," alisema. "Ata uoshe, ata uchemushe, sumu yake haitoke." Papa alichukua dawa. Mama alikuwa ku soko siku ile, na miye ndiye nilishika bidon wakati Papa alikuwa anamwanga.

"Mama yako hapendake dawa mu mbegu ya mama yake," aliniambia. "Nitamuelezea miye mwenyewe, pole pole."

Hakupata ile pole pole. Siku ya kukimbia alirudia nyumbani kufungua mbuzi, na hatukumuona tena.

Hapa Shari, kwenye tulikimbilia, Mama Nadège alitupatia kipande ya udongo nyuma ya nyumba yake. Udongo ilikuwa, mbegu hapana. Ndiyo Mama alifuata bamama wengine kurudia kwetu kuchimbua. Alileta bidon ku mugongo, imefungwa na kikwembe kama mutoto. Juu ya nyumba yetu hakusema kitu. Alikuta Yannick ameishiwa nguvu, akamuangalia, akaenda kuomba moto.

"Kopo moja tu," alisema. "Ingine tutapanda."

Akamwanga mu maji.

Miye, mu classe, ata nikijua jibu, sisemake. Lakini ile siku nilishika mukono ya Mama, ile yenye mwiko.

"Mama, haiko majivu."

"Ni nini?"

"Dawa ya agronome. Papa ndiye alitia. Niliona."

"Nitaosha."

"Alisema ata ukiosha."

Yannick alikuwa ameshaanza kusikia harufu, alikuwa anajaribu kukaa. Mama Nadège, ku mulango, akasema: "Geneviève, huyu mutoto hasemake. Kama amesema, mwanga."

Mama alimwanga yote mu shimo, akafunika na udongo, juu kuku isikule. Kisha akakaa chini, sufuria mutupu ku magoti.

"Siku ingine," aliniambia, "usingoje maji ichemuke."

Yenye ilibaki tuliipanda kesho yake, tumbo mutupu. Iliota yote. Agronome hakutudanganya. Siye tuliishi na bugali kidogo yenye Mama Nadège alikuwa anatuachia, na Yannick alizidi kukuwa mwepesi. Ukimubeba, ni kama unabeba nguo.

Toka ile siku, Mama hafunikake sufuria kama hajaniangalia kwanza. Nikinyamaza, anapika.

Leo jioni alichuma majani ya kwanza ya maharagi, laini, kidogo sana, ya kupikia Yannick. Aliishika juu ya maji, akaniangalia. Nilitafuta mu kichwa maneno yote ya agronome. Juu ya majani hakutufundisha kitu, na hakuna mwenye anajua alikimbilia wapi.

Nilinyamaza.

Yannick alikula yote. Sasa wote wanalala. Miye niko nasikiliza Yannick anapumua.