Bomba Jipya la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu aliumwa bega mwaka mzima kabla sijajua, na hata nilipojua, si yeye aliyeniambia. Niliona mwenyewe. Tulikuwa tunasafisha mazulia ya ofisi moja ya ghorofa mbili, yeye anatangulia na bomba la dawa, mimi namfuata na brashi. Kwenye kona akalihamisha bomba kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akapampu mara tano, akalirudisha. Baada ya hatua sita akafanya vilevile. Mtu aliyepampu kwa mkono mmoja miaka kumi na tisa hahamishi mkono kwa kupenda.

Mkwe ni mkwe. Unaweza kufanya naye kazi, ukambebea mizigo, mkacheka pamoja, lakini kumwambia mama wa mke wako kwamba mwili umeanza kumkatalia, hilo ulimi unagoma wenyewe.

Jioni nilimwambia mke wangu.

"Mama anaumwa bega."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Mwangalie anavyovaa sweta. Anaanza na mkono mbovu."

"Sasa mbona humwambii aache kupampu?"

"Mwambie wewe. Si ndiye unayeshinda naye?"

"Mimi ni mkwe."

"Na mimi ni mtoto," akasema, akaendelea kukunja nguo.

Kwa asiyeijua kazi yetu: zulia halisafishwi kwa kumwagiwa maji na kusuguliwa. Kwanza unanyonya vumbi likiwa kavu. Halafu unapuliza dawa ya kwanza, ile inayolegeza uchafu uachane na nyuzi. Unaiacha dakika kumi, kumi na tano, unapitisha brashi, ndipo mashine inakuja kusuuza na kunyonya. Dawa hiyo ya kwanza ndiyo kazi yenyewe. Ukipuliza kwa mapengo, zulia likikauka linatoka na mistari kama punda milia, na hapo hata ulie machozi ya damu, mteja ameshaona.

Bomba la mama lilikuwa la plastiki, la lita nane, la kupampu kwa mkono na kuning'iniza begani. Wateja walimwita Mama Zulia, na nadhani wengi wakimkumbuka walimkumbuka na bomba lake. Mimi kabla ya hapo nilikuwa fundi wa mabomba ya kupulizia mashamba, kwenye duka lililofungwa mwenye duka alipohama. Nilikaa miezi minne bila kazi. Mama hakuniuliza kitu. Siku moja alituma ujumbe kwa binti yake: mwambie mumeo aje kesho saa moja, avae viatu vya kufunika vidole.

Basi wiki chache baada ya siku ile ya ofisini, bomba likaanza kuvuja kwenye kishikio. Akaniletea.

"Si wewe ulikuwa fundi wa mabomba? Hili litakushinda?"

Nililifungua nyumbani. Mpira mdogo wa ndani, ule unaozuia dawa isitoke pembeni, ulikuwa umekwisha. Nilikuwa na kopo la mipira ya zamani ya mabomba ya shamba. Nikachagua mmoja mweusi uliolingana, nikauweka, nikafunga.

Sasa hapa nitasema ukweli wote. Nilijua mpira ule si wa dawa zetu. Dawa ya kulegeza mafuta huula mpira wa namna ile, unavimba na kulainika kama ubani uliotafunwa. Nilijua vilevile kwamba duka liko mtaa wa pili na mpira sahihi haukosekani. Sikwenda. Nilijiambia bomba limezeeka, life tu, tutanunua la betri, na bega la mama litapona bila mtu yeyote kusema neno. Sikulitengeneza bomba lile. Nililifunga tu.

Lilikufa Jumatatu, kwenye jumba la sinema.

Meneja wa jumba, kijana mnene mwenye tai fupi, alitaka njia zote za ukumbi mkubwa ziwe safi na kavu kabla ya onyesho la jioni. Zulia lilikuwa limeshiba soda na mafuta ya bisi, ukikanyaga linakushika kiatu. Mama akachanganya dawa kali na maji ya moto, akapampu, akaanza kushuka kutoka juu. Miwani ya kujikinga alikuwa ameipandisha kwenye paji la uso, kwa sababu mvuke uliifunika ukungu.

Alipofika safu ya nane nikasikia mlio mdogo, tap, kama kifuniko cha chupa. Hakupiga kelele. Aliniita mara moja tu.

"Mkwe."

Nilipogeuka alikuwa amesimama ameshika kiti, dawa inamtiririka usoni, na kishikio cha bomba bado kinarusha juu kama chemchemi. Nikalitupa kando. Nikamshika mkono, nikamkimbiza chooni.

Sikuwahi kumgusa mama mkwe wangu zaidi ya kupokea kikombe mkononi mwake. Siku ile nilimvua kitambaa cha kichwa bila kuomba ruhusa, nikakishika kichwa chake, nikakiinamisha kwenye sinki na kufungua bomba la maji mpaka mwisho.

"Fumbua jicho, mama."

"Nimefumbua."

"Hujafumbua."

Nikalifumbua mwenyewe, kidole kimoja juu, kimoja chini. Lilikuwa jekundu kama nyanya. Kibandiko cha galoni la dawa kilisema dakika ishirini za maji. Meneja alisimama mlangoni na simu mkononi akitusomea muda. Dakika ishirini ni nyingi sana ukiwa umeshika kope za mtu. Dakika ya kumi na mbili mama akasema, maji yanamwingia mdomoni:

"Zulia linakauka."

"Likauke."

"Dawa ikikaukia mle haitatoka kirahisi. Kuna maji safi kwenye ndoo. Mwambie huyo mwenye simu akalinyunyizie."

Meneja akaenda. Baadaye nilimkuta kwenye njia ya ukumbi, tai ameitupa begani, ananyunyiza maji kwa kikombe cha soda, safu kwa safu.

Zahanati haikuwa mbali. Daktari alimpima, akasema jicho limeungua juujuu, si ndani, na kwamba yale maji ndiyo yaliyoliokoa. Akamwandikia matone na kulifunika siku tano. Tukakaa kwenye benchi kusubiri dawa. Kulikuwa na watu sita mbele yetu. Nikaona nikikaa kimya hapo pia, sitasema tena maisha yangu yote.

"Mama, ule mpira niliuweka mimi."

"Najua. Mimi ndiye niliyekupa bomba."

"Haukuwa wa dawa yetu. Na nilijua."

Aligeuka anitazame kwa jicho lile moja.

"Ulijua, ukauweka?"

"Nilitaka bomba life. Niliona unavyohamisha mkono. Nikashindwa kukuambia."

Namba yetu ikaitwa. Aliposimama, akasema taratibu, bila hata hasira:

"Kwa hiyo ukanionea huruma bega, ukaniumiza jicho."

Akaenda dirishani kuchukua matone yake mwenyewe. Nilipotaka kumshika mkono kwenye ngazi, akaushika ukuta.

Siku mbili hakunipigia. Nyumbani nako hapakukalika. Mke wangu alinisikiliza nilipomweleza, mwanzo mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Ungekuwa mama yako ungeuweka ule mpira?" Akaenda kwa mama yake kumtia matone, akarudi, akaenda tena, na kila alipotoka alifunga mlango taratibu mno, ile taratibu inayouma kuliko kubamiza.

Siku ya tatu simu ikalia.

"Njoo," mama akasema. "Twende tukanunue bomba."

Duka lilikuwa refu na jembamba, mabomba yamepangwa ukutani kama bunduki za maonyesho. Muuzaji alimwona mwanamke wa makamo mwenye jicho lililofunikwa, akaanza kuzungumza na mimi. Nikamwonyesha kwa kidevu kwamba mwenye maneno ni yule pale.

Alituonyesha aina tatu. La kwanza la kupampu kwa mkono, kama lile lililokufa, ila jipya. La pili la kuunganishwa kwenye mashine, linavuta dawa na kuichanganya na maji lenyewe huku unaburuta mpira wake mrefu. La tatu la betri.

"Hili la kuunganisha ndilo wanalotumia wakubwa," muuzaji akasema.

"Wakubwa wanasafisha ukumbi mtupu," mama akasema. "Mimi nasafisha kati ya viti. Mpira huu utanasa kwenye kila mguu wa kiti, nishinde nainama kuunasua. Lete hilo la betri."

Muuzaji akalijaza maji kidogo, akabonyeza. Likatoa ukungu mwepesi, mzuri kuutazama, ukabaki hewani unaelea.

"Zima," mama akasema. "Hiyo ni ya kuua mbu. Dawa ikielea hivi naivuta mimi puani, zulia linabaki kavu. Nataka matone yanayoanguka. Nozeli nyingine ya mdomoni hamna? Ile ya kutandaza, inayotoa dawa pana kama ufagio?"

Ilikuwepo. Kabla haijafungwa, akauliza swali ambalo najua halikuwa la muuzaji.

"Mipira yake ya ndani ni ya aina gani?"

"Ni mizuri, mama. Ni imara."

"Sikuuliza uzuri. Mkwe, fungua."

Nikafungua kishikio palepale juu ya meza. Nikautoa mpira, nikaukunja, nikausoma kwenye kitabu cha maelezo, nikatafuta dawa yetu kwenye orodha. Jasho lilinitoka kama niko kwenye mtihani.

"Huu unastahimili," nikasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Na wa akiba tuchukue miwili."

Tukatoka nyuma ya duka, kwenye uwanja wa saruji kavu, kulijaribu kwa maji. Saruji haifichi kitu: palipolowa panakuwa peusi, palipo na pengo panabaki peupe. Nikatembea na bomba toka ukuta mmoja hadi mwingine. Nilipogeuka, mama alikuwa amechuchumaa, anakagua kwa jicho lake moja.

"Unakimbizwa na nani?"

Kweli, palikuwa na mapengo mawili. Nikarudia, polepole. Safari hii mstari ukatoka sawa mwanzo hadi mwisho, na mimi nikajitia ualimu. Nikamweleza kwamba la betri halipungui presha, hatua ya kwanza na ya hamsini zinatoa sawa, si kama lile la mkono linaloanza na nguvu likaishia kudondosha.

"Unaniambia mimi?" akasema. "Lile la mkono presha ikishuka, nilikuwa napunguza mwendo. Ikishuka tena, napunguza tena. Nikipampu, naongeza. Unadhani mistari haikutokea miaka kumi na tisa kwa bahati?"

Nikasimama na bomba langu mkononi. Miezi yote niliyomfuata na brashi nilikuwa nikimwona anapunguza mwendo.

"Mimi nilidhani unachoka, mama."

Akapangusa magoti, akasimama kwa kujishikilia ukutani, mkono wa kushoto.

"Kuchoka nilichoka pia," akasema.

Hapo ndipo alipokiri kuchoka, na hakurudia. Tulipoingia ndani muuzaji alitaka kutupatia la betri la kubeba mgongoni, lita kumi na tano. Mama akalinyanyua kwa mkono mmoja likiwa limejaa, akalirudisha chini upesi. Akamwambia alifunge kwenye kigari cha magurudumu mawili, livutwe kama sanduku la safari. Muuzaji akasema wengi wanapenda la mgongoni. "Hao wengi wana mabega," mama akamjibu, na nikaona kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu midomo yake ikikaribia kucheka.

Jumatatu iliyofuata tulirudi kwenye sinema. Jicho lilikuwa limefunguliwa, bado lina wekundu pembeni. Kuanzia juu hadi safu ya nane zulia lilikuwa na mabaka, pale tulipoacha kazi katikati, na meneja alitupokea kama mtu anayestahili sehemu ya malipo. Mama alivaa miwani kabla hajafungua galoni, na akanisubiri mpaka nivae yangu.

Nilipuliza mimi. Yeye alikuja nyuma na brashi, ananihesabia kwa sauti, "moja, mbili, geuza, moja, mbili, geuza," na kila nilipoharakisha aligonga mpini kwenye mguu wa kiti. Ilituchukua muda mrefu kuliko alivyozoea. Lilipokauka, ukumbi mzima ulikuwa rangi moja, isipokuwa kipande mlangoni nilichokiruka. Alinirudisha nikakifanya upya huku watu wa tiketi wakisubiri.

Kwa ajili ya bega anapelekwa mazoezi mara mbili kwa wiki, binti yake ndiye anayempeleka, maana peke yake angeacha. Jicho halikupoteza kitu, ila jua kali linamtoa machozi. Sasa yeye ndiye anayekagua zulia kabla ya kazi, anachanganya dawa na kuzungumza na wateja, na bomba ni langu.

Juzi mteja mmoja alitaka tusafishe zulia la ngazi, ghorofa tatu, na mama akaanza kuinua mashine. Nikamwambia, mbele ya mteja, "Mama, hapana. Hiyo itakuumiza." Alinitazama kidogo. Mteja akatazama chini.

"Haya," mama akasema, akanipisha.

Mke wangu anasema sasa nimezidi kusema.