Barua Pepe ya Herufi Kubwa

Binti wa steshenari alikuwa na sauti nzuri ya kusoma, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Barua pepe za wateja alizisoma kama mtangazaji wa redio, akipaza sauti ili aishinde mashine ya kutoa kopi. Siku hiyo alikuwa akimsomea Mama Pindo, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, barua ya mwanawe wa pekee anayefanya kazi ng'ambo.

"'Mama, baba amenitafuta,'" binti alisoma. "'Anaomba aje kwenye harusi yangu. Sijamjibu bado. Mimi na wewe tukiongea kwenye simu huwa tunaikwepa habari yake, ndiyo maana nakuuliza kwa maandishi. Aje, asije? Na akija, akae mbele pamoja na wewe? Niambie ukweli wako, nitaufuata. Jumamosi nitampa jibu.'"

Mashine ya kopi ilinyamaza kabla barua haijaisha, kwa hiyo yale ya kukaa mbele yalisikika duka zima. Mwalimu wa chekechea, aliyekuwa akisubiri kopi zake, alianza kuzipanga upya karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Sketi aliyovaa ilikuwa imekunjwa pindo na Mama Pindo mwenyewe.

"Nimjibu nini, mama?" binti aliuliza.

"Mwambie nimesikia."

"Nimesikia tu? Mama jamani, mtoto anaoa!"

"Basi hayo mengine malizia mwenyewe, mwanangu. Unajua kuyapanga."

Alitaka kutoka tu. Vidole vya binti vilikimbia, kisha akasoma alichoandika, kwa sauti ileile: "'Mwanangu kipenzi, nuru ya macho yangu. Moyo wangu hauna kinyongo hata chembe. Mwambie baba yako aje, tukae bega kwa bega siku ya furaha yako.' Imekaa vizuri?"

"Imekaa," Mama Pindo alisema, akiangalia sakafu.

"Na imeshaenda."

Alitembea kuelekea nyumbani akishikilia mkoba mbele ya tumbo. Mume wake alikuwa ameaga asubuhi moja kwamba anakwenda kunyoa nywele, mtoto akiwa bado hajajua kufunga kamba za viatu, na mpaka leo kinyozi hajamaliza. Hivyo ndivyo alivyozoea kuwajibu watu wakimuuliza, na wao hucheka, yakaisha. Kukaa bega kwa bega na mtu yule mbele ya wageni lilikuwa jambo jingine. Na sasa ameshakubali, kwa maneno ambayo hata hangejua kuyatamka.

Kosa halikuwa la binti. Mwanawe alipokuja likizo alimletea kompyuta, akaiweka kwenye meza ya kukatia vitambaa, akamwonyesha kila kitu. Hapa unaweka anwani ya unayemwandikia, hapa kichwa cha habari, hapa maneno yenyewe, ukimaliza unabonyeza pale palipoandikwa Tuma. Ukipata ujumbe wenye jina langu lakini maneno hayafanani na yangu, usiujibu, wezi ni wengi. Mama Pindo aliitikia kwa kichwa kila baada ya sentensi, kama anavyofanya mteja asiyeelewa bei lakini hataki kuuliza. Mtoto alipoondoka, alijaribu mara moja. Aliinuka kuteleka maji, aliporudi skrini ilikuwa nyeusi tii. Aliamini ameiua. Akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, na kesho yake akaenda steshenari na karatasi aliyoachiwa yenye anwani na neno la siri, binti akamwandikia mwanawe barua ya kwanza.

Jibu la mtoto lilikuja upesi: "Mama! Umejifunza haraka hivi? Umeniweza!"

Pale ndipo alipotakiwa kusema. Hakusema. Barua ya pili ikaenda, na ya tatu, na kila iliyokwenda iliifanya ile ya kwanza kuwa ngumu zaidi kuifumua.

Alipofika nyumbani aliweka mkoba chini, akaondoa kitambaa cha kufuma, akafunua kompyuta na kubonyeza kitufe cha kuiwasha. Iliwaka bila kinyongo. Mwanawe alikuwa ameacha kila kitu tayari, hata neno la siri halikuulizwa. Kipanya kilimsumbua mpaka alipokishika kama anavyoshika kitambaa chini ya sindano: hukivuti, hukisukumi, unakiongoza tu. Herufi alizitafuta mojamoja kwa kidole cha shahada. Mahali fulani alikigusa kitufe asichokijua, na kuanzia hapo kila herufi ilitoka kubwa. Hakujua namna ya kuzirudisha ndogo, akaziacha.

MWANANGU ILE BARUA YA LEO SI MANENO YANGU BABA YAKO AJE NI BABA YAKO LAKINI MIMI SIKAI NAYE MBELE NAOGOPA NITALIA WATU WANIONE SIJAMSAMEHE NAJARIBU MAMA

Alibonyeza Tuma. Hakuna kilichotokea. Akabonyeza tena, na tena kwa nguvu, ndipo zote zikaondoka kwa pamoja.

Asubuhi simu iliita akiwa amesimama mezani, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama. Sikiliza, mama, usishtuke. Kuna mtu ameingia kwenye imeli yako."

Mama Pindo aliweka mkasi mezani polepole.

"Amenitumia ujumbe uleule mara tatu," mwanawe aliendelea. "Herufi kubwa tupu, kama anagombana na mtu. Kichwa cha habari hamna, nukta hamna. Eti hujamsamehe baba, eti unaogopa kulia. Nikacheka. Huyu mwizi hakujua anamwigiza nani. Mama yangu anaandika kama mshairi!"

"Eee," alisema Mama Pindo.

"Hata usijali. Tubadilishe neno la siri sasa hivi. Umekaa kwenye kompyuta?"

"Nimekaa." Alikuwa bado amesimama.

"Pale juu, pembeni, kuna duara lenye picha yako. Bonyeza."

"Nimebonyeza."

"Safi. Umeona mahali pa usalama? Bonyeza hapo. Imekuuliza nini?"

Mama Pindo aliitazama kompyuta iliyofungwa, iliyo mbele yake. Alihitaji jibu lolote lile.

"Imeniuliza kama ni mimi."

"Sema ndiyo, basi."

"Nimesema."

"Unaona? Wenzako wa umri huo wanaogopa hata kuigusa." Alisikika akivuta kiti. "Haya. Mimi sasa naufuta huu uchafu wake, halafu nampigia baba leo leo. Ya nini kungoja Jumamosi wakati umeshanijibu vizuri hivyo? Namwambia mtakaa bega kwa bega."

Njia ilikuwa wazi kabisa, mwanawe mwenyewe amemfungulia. Angenyamaza tu, mwizi angefutwa, na mama anayeandika kama mshairi angebaki. Gharama yake ni kukaa siku moja karibu na mtu yule, akitabasamu.

"Usiufute," alisema.

"Nini?"

"Huo ujumbe, baba. Usiufute. Mwizi ni mimi."

Mama Pindo aliweka mkono juu ya kompyuta.

"Niliandika mwenyewe, jana. Hizo ndizo herufi nilizozipata. Zile nyingine huwa anaandika binti wa steshenari. Hii kompyuta nilikuwa nimeifunika."

"Zile nyingine zipi?"

"Zote."

"Zote, mama? Hata ile niliyoipata nikiwa naumwa? Ile ya 'ningekuwa na mabawa ningeruka nije'?"

"Nilimwambia akwambie unywe maji mengi ulale."

"Niliibandika ukutani." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mchumba wangu anaijua kwa kichwa."

Mama Pindo alifumba macho. Yule mkwe, ambaye hawajawahi kuonana, alikuwa akimpenda mtu wa steshenari.

"Naona aibu, mwanangu. Sina la kujitetea."

"Lakini kwa nini hukuniambia?"

"Uliniambia nimekuweza. Mimi sikupita darasani kama wewe, na hakuna aliyewahi kuniambia neno kama hilo. Nikalitamani libaki."

Alisubiri ghadhabu, ambayo angeielewa. Badala yake alisikia kipanya kikibonyezwa kwa mbali.

"Ngoja niufungue tena," mwanawe alisema. Akausoma kwa sauti, taratibu, akipumzika pale ambapo nukta zilipaswa kuwa. "'Baba yako aje. Ni baba yako. Lakini mimi sikai naye mbele.'" Alikohoa kidogo. "'Naogopa nitalia watu wanione.' Hili nililicheka, mama. Nilicheka kwa sauti. Nisamehe."

"Hukujua."

"Sasa utakaa wapi?"

"Popote. Nyuma huko, karibu na mlango."

"Hapana. Wewe mbele, yeye nyuma. Nitamwambia hivyo. Asipotaka, shauri yake."

"Hatakasirika?"

"Akikasirika akanyoe."

Mama Pindo alicheka bila kutaka, kisha machozi yakakishinda kicheko, akayafuta kwa ncha ya futi.

"Na kwa mchumba wako utasemaje?" aliuliza.

"Hilo sijui." Hakujaribu kumfariji. "Nadhani utamwandikia wewe. Mwenyewe."

Mama Pindo alivuta kiti, akakaa kweli safari hii, akaifunua kompyuta. Skrini ilipowaka alikaa akiitazama, simu ikiwa imebanwa begani. Uso ulikuwa ukimchoma, ingawa chumbani hapakuwa na mtu wa kumwona.

"Mwanangu," alisema, "herufi ndogo zinatokaje?"