Urefu wa Lianet

Jumatatu Rigoberto alipofika na diski yake, nilimwambia hata kabla hajashuka kwenye baiskeli: leo sitaki tamthilia, sitaki mpira, nataka programu ya kuhariri picha, tena isiwe ile mizaha ya kwenye simu. Rigoberto ana miaka hamsini na sita. Alikuwa mhandisi wa kiwanda cha sukari mpaka kiwanda kilipofungwa, na siku hizi anazunguka nyumba kwa nyumba hapa mjini Cárdenas akiwanakilia watu filamu za wiki. Programu nazo zinakuja humo humo, zimechanganyika na vichekesho na mapishi.

Akaniambia kwenye diski zimo kumi na saba. Kumi na saba! Mimi sina miaka mingi iliyobaki ya kujaribu vitu kumi na saba. Nikamwambia anipe tatu, moja ya wakubwa, moja ya bure na moja ya wavivu, halafu anywe kahawa yake aende zake. Akacheka, akanakili, akanywa. Akanionya kwamba kompyuta yangu ni ya zamani kuliko ndoa za watoto wake wote.

Sababu yangu ilikuwa moja tu. Mjukuu wangu Lianet anatimiza miaka kumi na tano mwezi wa saba. Mama yake, binti yangu Dayamí, aliondoka naye akiwa na miaka minane wakaenda Brazili, na siku ya kuondoka aliniahidi mbele ya picha ya marehemu mama yake kwamba sherehe ya kumi na tano itafanyika hapa, nyumba hii, chini ya dari hii inayovuja. Kwetu msichana akitimiza kumi na tano anasherehekewa karibu kama bibi harusi, na sherehe hiyo bila albamu ni kujisumbua tu. Wapo mjini wapiga picha wa kazi hiyo, wenye magauni ya kukodisha na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na wakishamaliza na binti yako, hata wewe uliyemzaa unauliza huyu ni nani. Nikasema mapema, na mtaa mzima ukasikia: albamu ya Lianet nitaipiga mimi.

Mimi si mpiga picha wa kazi. Nilipima ardhi miaka thelathini na nane, na kamera nimeishika baada ya mke wangu Omara kufariki, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno na kamera walau ukiibonyeza inakujibu. Nimepiga picha kila kitu cha mtaa huu, farasi wa mikokoteni, foleni ya mkate, milango ya watu waliohama. Milango ya waliohama nimeipiga mpaka nimeacha kuhesabu.

Basi nikaanza na ile programu kubwa, ambayo dunia nzima inaijua na ambayo kufuli lake lilivunjwa na mtu tusiyemjua. Ilichukua dakika kumi na moja kufunguka. Kompyuta ikapata joto la kukaangia yai. Nilipofanikiwa kupata picha ya kwanza na kuanza kuing'arisha, umeme ukakatika, na uliporudi picha haikuwepo. Nikajaribu siku tatu. Siku ya nne nikaitukana kwa lugha ambayo Omara hangeiruhusu ndani ya nyumba.

Ya pili ni ile ya bure, iliyotengenezwa na watu wa kujitolea huko na huko. Hiyo haikuwa nzito, ila ilikuwa kama droo ya jikoni ya marehemu mke wangu: kila kitu kimo, isipokuwa unachokitafuta. Nilitumia asubuhi nzima kutafuta mkasi wa kukatia picha. Nilipouona nilifurahi mpaka nikageuka kumwambia mtu. Nyuma yangu palikuwa na friji.

Kwa ajili ya majaribio nilimwita jirani yangu Nereida, ana miaka sabini na mmoja, mdomo wake haujazeeka hata kidogo. Nilimkalisha kwenye kiti cha bembea, pale pale nilipopanga Lianet atakaa, dirisha likiwa upande wa kulia. Akajipepea kwa upepeo wa Omara, akaniuliza kama gauni lake la kumi na tano limeshafika.

Siku hiyo nilikuwa nimefungua ile ya tatu, ya wavivu. Ina kitufe kimoja. Unabonyeza, nayo inaamua yenyewe sura ya mtu iweje. Nikabonyeza, na Nereida akawa na miaka thelathini, ngozi imenyooka kama shuka la hoteli. Lo, nusura anibusu. Akataka nimnakilie hapo hapo, akaenda kuionyesha mtaa mzima, na jioni wajane wawili wakaja kuuliza na wao watapigwa lini.

Mimi nikabaki nikaifungulia picha ya Omara. Ni picha moja tuliyopiga ufukweni, ana kovu dogo kwenye nyusi, alianguka kwenye ngazi akiwa mtoto. Nikabonyeza kile kitufe. Kovu likaondoka. Mikunjo ya macho, niliyomsababishia mimi mwenyewe kwa kumchekesha, nayo ikaondoka. Akabaki mwanamke mzuri sana ambaye sijawahi kulala naye nyumba moja. Nikaifunga kompyuta kwa hasira na sikula chakula cha mchana.

Nereida aliporudi kunirudishia upepeo nilimweleza shida yangu: kubwa inanikataa, ya bure inanificha, ya tatu inadanganya. Akanitazama kwa huruma, jambo ambalo silipendi.

"Mchagua jembe si mkulima, Evaristo," akasema. "Mtoto mwenyewe anakuja lini?"

Nikamwambia mwezi wa saba. Akauliza tiketi zimekatwa? Nikamwambia asubiri, kila kitu kina wakati wake. Akaniwekea upepeo mezani, akaenda zake.

Jumapili saa sita mchana Dayamí akapiga simu. Kila Jumapili anapiga. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za dirisha, kwamba mwanga wa saa tatu asubuhi ndio mzuri, kwamba gauni lisiwe jeupe kwa sababu ukuta ni mweupe. Hakunipa nafasi.

"Baba, hatuji."

Karatasi za ukaazi zimekwama, akasema. Akitoka sasa hawezi kurudi, na kazi itakuwa imekwenda. Alikuwa amejua tangu wiki mbili nyuma na alishindwa kuniambia. Kisha akaanza kusema haraka haraka, kama alivyokuwa akifanya utotoni akivunja sahani. Sherehe watafanya huko huko, ndogo tu. Nisihuzunike, kwenye albamu nitakuwemo. Nisimame mbele ya shuka jeupe, niweke mkono wa kushoto kama nimemshika Lianet bega, nijipige mwenyewe na kumtumia, na mpiga picha wa huko ataniunganisha.

"Ana programu nzuri sana, Baba. Hakuna atakayejua kwamba hukuwepo."

Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia. Kwamba nimepaka rangi ukuta. Kwamba kiti cha bembea nimekikaza misumari. Kwamba miaka saba nimeishi kwa ahadi ile kama mtu anayeishi kwa mkate. Badala yake likanitoka swali la kijinga.

"Programu gani?"

"Sijui, Baba," akasema. Naye alikuwa analia. "Nitamuuliza."

Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema watu. Mimi langu lilikuwa bado lipo, ila wameniwekea nafasi ya kubandikwa.

Siku mbili sikuigusa kamera. Siku ya tatu nikaona upuuzi. Mtoto hana kosa. Nikavaa guayabera yangu nyeupe, shati langu la sherehe, kisha nikakumbuka shuka nalo ni jeupe, nikavua nikavaa ya buluu. Nikatundika shuka sebuleni, nikaweka kamera juu ya mkebe wa biskuti na vitabu viwili, nikaipa sekunde kumi, nikakimbilia mahali pangu. Nikainua mkono wa kushoto.

Hapo nikakwama. Niuweke wapi?

Kwenye fremu ya mlango wa jikoni kuna mistari ya penseli. Kila siku ya kuzaliwa ya Lianet nilimsimamisha pale, kitabu juu ya kichwa, nikachora. Mstari wa mwisho unasema miaka minane, mita moja na sentimita ishirini na sita. Kwenye simu nimemwona kila Jumapili kwa miaka saba, lakini simu inaonyesha uso. Picha walizonitumia nilizipekua zote: Lianet amekaa, Lianet kalala ufukweni, Lianet kasimama mbele ya bahari bila hata jiwe la kumlinganisha naye. Mimi niliyepima nusu ya mkoa wa Matanzas nikashindwa kumpima mjukuu wangu. Basi nikakadiria. Watoto wanakua, nikajiambia, usiwe mchoyo. Nikauweka mkono juu kwa shubiri nzima kuliko bega la yule mtoto wa mlangoni, nikaona nimemkuza vya kutosha.

Nikatuma. Baada ya saa moja ikaja sauti ya Lianet mwenyewe, nzito kidogo, ya msichana mkubwa, anacheka.

"Babu, umenishika mbavu! Inua mkono. Inua tena, Babu."

Nikauliza ana urefu gani. Akasema mita moja na sabini na tatu, amempita mama yake, na shuleni wanamwita mnara. Mimi nina mita moja na sitini na sita. Mtoto niliyekuwa nikimbeba mabegani kwenda kuangalia farasi sasa angeinama ili anibusu.

Dayamí akaandika kwamba nisihangaike kupiga tena, mpiga picha ataupandisha mkono kwa programu yake, kazi ya dakika mbili. Nikamjibu kwa herufi kubwa: MWAMBIE ASIGUSE MKONO WANGU.

Nikachukua penseli na futi ya chuma, nikaenda kwenye mlango wa jikoni. Nikapima kutoka sakafuni, nikachora mstari: Lianet, miaka kumi na tano, mita moja na sentimita sabini na tatu. Ilinibidi nipande kistuli kuuandika vizuri. Ulikuwa mstari wa kwanza kuchorwa pale bila kichwa cha mtu chini yake.

Halafu nikaondoa thelathini kwa ajili ya kichwa na shingo, nikapata bega. Mkono wa mzee ukiinuliwa juu ya bega lake mwenyewe unatetemeka. Nilijaribu, picha nne zote zikatoka na ukungu. Kwa hiyo nikafanya kama tulivyokuwa tukifanya porini, nikatafuta kijiti cha kusimamisha. Nikakata mpini wa ufagio kwenye urefu ule ule, sentimita mia na arobaini na tatu, nikausimamisha kwenye ndoo ya mchanga, nikauwekea mkono juu. Ukatulia. Nikatazama kamera, na kwa kuwa nilikuwa na kitu mkononi, nikaweza hata kutabasamu.

Sasa ufagio ilibidi utoke, na ndoo yake. Hapo programu ikajichagua yenyewe. Ile ya tatu ingeufuta kwa kitufe kimoja, na ingenipunguzia miaka bila kuombwa. Mjukuu amezoea babu mwenye makunyanzi. Ile kubwa ingesubiri umeme ukatike. Nikafungua ile ya bure, nikatafuta mkasi na brashi kwenye droo yake, nikaanza kuufuta ufagio polepole kutoka chini, kidogo kidogo, nikijaza nyuma yake weupe wa shuka. Kazi ilinichukua alasiri mbili. Kwenye vidole vyangu nilikwenda kwa uangalifu mkubwa, nisikate hata ukucha. Siku ya pili jioni kipande cha mwisho kikaondoka, na mkono ukabaki umeshika hewa.

Jumatatu Rigoberto alipokuja aliiona kwenye kompyuta. Akavua kofia, akaangalia kwa muda mrefu, hakufanya utani. Nikamwambia azifute mbili, aniachie hii. Akauliza kama albamu ya mtoto bado ipo palepale. Nikamwambia albamu ipo, ila itapigwa huko. Akanywa kahawa yake, na kwa mara ya kwanza akaosha kikombe mwenyewe.

Picha niliituma mchana ule. Nilikaa jikoni, simu juu ya meza, kama anayesubiri matokeo ya hospitali. Ilichukua muda mrefu kupanda. Kisha sauti ya Lianet ikaja, fupi, safari hii hacheki.

"Hapo hapo, Babu. Usiutoe."

Nikaisikiliza tena. Mara ya pili nikagundua kwamba mkono wangu wa kushoto uko juu, jikoni, mimi peke yangu, na sikuushusha, nikiirudia sauti ile mpaka chaji ya simu ilipoisha.