Mhimili wa Watu Sita

Saa nne na robo asubuhi, vyuma vya fremu ya kituo cha kuchajia betri vilikuwa vimelala mchangani, havijaungwa, na Ripon, fundi wa kuchomelea, alikwishawasha jenereta, akasimama na kinyago chake juu ya paji la uso akimsubiri Dilruba aseme neno moja, choma au funga, na Dilruba, aliyekichora kituo hiki, hamtazami fundi wala vyuma, anautazama mto, Jamuna ya Machi, imetulia kana kwamba haijawahi kula shamba la mtu, mwaka jana kati ya hapa na maji palikuwa na mashamba mawili ya karanga, leo limebaki moja, kisiwa chote ni mchanga, unakuja na unaondoka, kwa hiyo boliti, amekichora kwa boliti na kitafungwa kwa boliti, siku mto ukifika watakifungua, watakipakia mashuani, watakisimamisha kisiwa kingine kama wanavyofanya na nyumba zao, na watu hawatarudi kwenye vibatari... “Dada injinia, hiki ni kituo au kitanda cha kukunja?” huyo ni mjumbe Sobhan, watu wanacheka, na bila sahihi yake paneli za sola hazitoki ghalani, “Mwizi naye ana spana, dada, tena nzuri kuliko ya Ripon,” wanacheka tena, na Sobhan hajakosea, pampu ya kisima cha msikiti iliondoka hivyo hivyo, nati kwa nati, lakini mwizi ana dawa, kuna boliti za pembe tano zisizoshikwa na spana ya dukani, mto hauna dawa, shule ya matofali aliyosomea iliingia majini na ubao wake, familia yake ikaondoka na nyumba yao nzima ya mabati, mpaka leo anaiona mikono ya baba ikizungusha spana, nati zikiangukia ndani ya sufuria, mikono imelowa mvua... “Ba'mdogo, pampu ile haikuwa na mlinzi,” anausikia mdomo wake ukijibu, na Sobhan anasema kitu kuhusu walinzi na usingizi wao, lakini sauti nyingine inamkata, Moyna, mmoja wa wanawake wa kisiwani, amekuja na betri ya nyumbani kwake kiunoni kama amebeba mtoto, “Chuma kirefu kile kinabebwa na wangapi?” na Ripon, “Wanaume sita, shemeji, tena washibe kwanza,” na Moyna, “Basi tumwombe Jamuna atungoje mpaka Idd, waume zetu warudi,” wanawake wanacheka nyuma ya mitandio yao, Dilruba naye anacheka, kisha hacheki... mikono ile ilikuwa na bangili, bangili zinagonga bati, na baba hakuvaa bangili, baba alikuwa Dhaka akiendesha riksho, maji yakija wanaume huwa Dhaka, au wanavuna mpunga wa watu mbali, alikuwa mama, mama na shangazi, walifungua nyumba wakaibeba wao wawili, kipande kwa kipande, na miaka yote hii amesimulia kwamba ni baba, mpaka akachora kwa kumfikiria baba, mihimili ya wanaume sita, sanduku la betri la wanaume wanne, boliti au si boliti kituo kingebaki hapa hapa kizame, kimefunguka vizuri, hakuna wa kukibeba... basi kila kipande kiwe mzigo wa wanawake wawili, mhimili ukatwe, uungwe kwa bamba na boliti, betri kubwa moja iwe ndogo nne, upepo wa Aprili utaitikisa fremu iliyokatwa, ataongeza vyuma vya mshazari, Sobhan atasema injinia ameharibu chuma kizima, na aseme, kama hatatia sahihi leo Dilruba atamrudia kesho na keshokutwa, atakaa barazani kwake mpaka mkewe amletee chai, “Dada, dizeli inaungua,” Ripon anasema, “nichome au nisichome?”

Jenereta bado inanguruma. Sobhan hajatia sahihi. Dilruba amepiga magoti mchangani na kuchora mstari wa chaki katikati ya mhimili wa kwanza, mahali pa kukata.