Picha ya Jumatatu, Saa Nne

Siku ile ilikuwa Jumatano. Kaka alitoka nyumbani na viatu vilivyong'arishwa, na kufika saa sita mchana hakuwepo tena. Gesi ya kuzimia moto ilifunguka yenyewe ndani ya chumba cha mitambo cha ofisi ya maji, ikafukuza hewa yote, naye yumo ndani, mlango umejifunga, na king'ora cha kuwaonya watu watoke hakikulia. Moto wenyewe haukuwepo. Ripoti ilikuwa ya ukurasa mmoja: king'ora kilikuwa kibovu, na hakuna mtu aliyewahi kutoa taarifa.

Funguo zake alipewa mdogo wake wa kike, karani wa dawati la wateja, kwa kuwa kaka alikuwa amemfundisha kazi yake ya kutunza mitambo kidogo kidogo wakati wa chai. Ndani ya kabati kubwa la kuhifadhia data mlikuwa na diski pepe ishirini na mbili. Huwezi kuzishika kwa mkono, lakini kila idara iliiona yake kama diski kamili. Kila Jumatatu saa nne asubuhi mtu anabonyeza, na mtambo unazipiga picha zote, yaani unashika kila kitu kama kilivyo dakika ile, ili mtu akiharibu kesho, mrudi kukichukua. Picha hukaa siku thelathini, kisha hufutwa.

Kaka alikuwa na utani wake. Kabla ya kubonyeza alifunga kifungo cha juu cha shati, akasimama wima mbele ya kabati na kikombe mkononi, kama yuko studio.

"Usicheke," alikuwa akimwambia mdogo wake. "Nikitoka vibaya, ni wewe."

Wiki mbili baada ya mazishi, mtu wa bili alifuta kwa bahati mbaya usomaji wa mita za mtaa mzima. Dada, yule karani, akaifungua picha ya mwisho aliyopiga kaka, ya Jumatatu kabla ya ile Jumatano. Mafaili yakaja. Kaka naye akaja, amesimama mbele ya kabati, kifungo kimefungwa, chai inatoa mvuke.

"Nimetoka vizuri?"

"Umetoka vizuri, kaka."

"Mbona umekonda hivyo?"

"Ni hizi kazi zako."

Mlinzi alimwandikia kaka kitambulisho cha mgeni, kwa sababu chake kilikuwa kimefutwa. Mtu wa bili alimsalimia, akachukua mita zake, akaenda. Habari za Jumatano kaka hakuuliza, maana kwake ilikuwa bado Jumatatu.

"Barua zangu za king'ora wamejibu?" aliuliza.

"Barua zipi?"

"Nimeandika tatu, bibie. Fungua faili."

Kwenye diski ya leo hapakuwa na barua hata moja. Kwenye picha zilikuwepo tatu, zote na tarehe, ya mwisho imeandikwa HARAKA kwa herufi kubwa. Kumbukumbu za mtambo zilionyesha zimefutwa Alhamisi ya mazishi, saa tano, wakati ofisi nzima iko makaburini.

Dada alizichapa, akampelekea mkuu wa ofisi. Mkuu alizisoma zote, akavua miwani.

"Ni kweli, zipo," alisema. "Ila ripoti imeshafungwa, dada yangu."

Akazigonga muhuri wa kupokelewa, akaziweka kwenye trei.

Picha ilikuwa imebakiza siku kumi na tatu ifutwe. Dada hakuondoka. Aliomba tarehe ya kuifuta isogezwe.

"Inakula nafasi kiasi gani?" mkuu aliuliza.

"Picha hula nafasi kwa kinachobadilika tu, mkuu. Yeye habadiliki."

Mkuu alifikiri, akasaini mwaka mmoja.

Jumatatu iliyofuata mama yao alikuja na kiti chake cha plastiki, akakaa mlangoni, miguu miwili ya kiti ndani na miwili nje.

"Mama! Umefuata nini kazini kwa watu?"

"Nimekuja kukuona."

"Haya, nione. Ila funga mlango, mnaingiza joto."

"Afadhali joto," alisema mama. "Kunywa chai yako."

Kaka alikunywa. Kikombe hakikupungua. Alimwelekeza mdogo wake jinsi ya kuzipanga picha kwa majina, akamkosoa mara mbili, akamsifu mara moja, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Sasa kila Jumatatu dada huifungua ile picha, na kaka huuliza kama barua zimejibiwa. Dada humwambia bado. Kisha hufunga kifungo chake cha juu, akasimama wima kando ya kaka, akabonyeza. King'ora hakijatengenezwa. Mama akirudi nyumbani hukiacha kiti palepale, na mlango wa chumba cha mitambo haujifungi.