Kibodi ya Kukunjwa

Katibu muhtasi alikuwa na wivu, tusimung'unye maneno. Kwa miaka kumi na moja, kila mkurugenzi aliposafiri kikazi, yeye ndiye aliyekuwa nyuma yake, laptopu begani, chaja mkononi, na begi zito utadhani kabeba jiwe la kusagia. Mgongo ulimuuma, lakini uzito ule aliupenda. Watu wakimwona na mzigo ule walijua yeye ni nani.

Kisha akaletwa binti wa masjala. Binti huyu, jamani, alikuwa na ofisi nzima ndani ya kipochi kama cha miwani! Akasimamisha simu yake kwenye kijiguu, akakunjua kibodi nyeusi isiyo na waya, akatoa kipanya kidogo, akachomeka waya mmoja tu, na skrini kubwa ya ukutani ikaonyesha kila alichoandika. Wakuu wa idara wakaguna kwa kupendezwa.

"Hii ndiyo ya safari," mkurugenzi akasema. "Mtu unapanda ndege mikono mitupu!"

Katibu akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Kipya kinyemi ingawa kidonda, alijisemea. Lakini roho ilimuuma, tena ilimuuma kwelikweli. Jioni ileile akapitia dukani, akanunua kibodi kama ile, nyeusi, ya kukunjwa, akaificha mkobani kama mwizi.

Siku ya mkutano mkuu mkurugenzi alisema kwamba baada ya chai atatangaza nani ataandamana naye safari ya wiki tatu. Watu wakatoka kwenda koridoni kunywa chai. Katibu akabaki peke yake, akatoa kibodi yake, akailaza kando ya ile ya binti, iliyoachwa mezani pamoja na simu iliyokwisha kuchomekwa kwenye skrini, ailinganishe. Pacha watupu! Mara mlango ukafunguliwa. Akashtuka, akavuta moja mbele yake, nyingine akaisukumia kwenye nafasi ya binti. Kwa haraka ile, aliivuta ya binti.

Watu wakarudi na vikombe vyao. Katibu akaketi kwenye kiti chake cha siku zote, mgongo ukutani chini ya skrini, ili aone kila mdomo unaosema. Alikuwa mpiga chapa wa zamani huyu: vidole kumi, macho kwa watu, na hatazami alichoandika mpaka amalize. Ngoja nivipashe vidole moto, akawaza, kibodi yangu bado haijaunganishwa na kitu. Akaandika yaliyomjaa moyoni.

"Huyu mtoto juzi tu alikuwa akigonga mihuri, leo ananipokonya safari. Anapiga chapa kwa vidole viwili! Na mkurugenzi naye kapumbazwa na kijisimu. Barua zake naandika mimi. Hata hotuba ya kumuaga mama yake mzazi niliandika mimi, akaisoma akalia kama kaitunga mwenyewe."

Chumba kikanyamaza. Alidhani wanasubiri mkutano uanze, akaendelea.

"Akienda huyu mtoto, nani atanikumbuka mimi?"

Binti, aliyekuwa bado mlangoni na chai yake, akaikimbilia simu akachomoa waya. Lo, alikuwa amechelewa, watu walishasoma yote!

"Mama," akanong'ona, "hiyo ni kibodi yangu."

Katibu akageuka. Skrini ilikuwa imeshazima, lakini alipogeuka tena akauona uso wa mkurugenzi, akaelewa. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mkurugenzi akaweka kikombe chake mezani.

"Ile hotuba," alisema kwa sauti ya chini, "ni kweli aliiandika yeye." "Lakini msiba wangu si wa kuanikwa ukutani. Binti atasafiri. Katibu, andika kumbukumbu, tuendelee."

"Mzee, naomba..." binti akaanza.

"Nimeshasema."

Katibu akafungua laptopu. Akaandika saa, akaandika waliohudhuria, kisha akaandika: Imeamuliwa kwamba katika safari ya wiki tatu mkurugenzi ataandamana na. Hapo vidole vikasita kidogo. Jina la binti akaliandika kamili, lake na la baba yake, bila kukosea hata herufi moja, huku machozi yakimdondoka mbele ya watu wote.